Waliotembea Mkiani mwa Safu

Mwishoni mwa riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kijana Yusuf anatoka mbio. Safu ya askari wa Kijerumani imepita mjini, imekamata watu wa kubebeshwa mizigo, imepiga kambi, imeondoka. Yusuf anakwenda kutazama pale kambi ilipokuwa. Anakuta vinyesi vya watu na mbwa wanaovila. Anasimama hapo kidogo, anajiona ndani ya wale mbwa, kisha anaikimbilia safu. Kitabu kinaishia hapo.

Msomaji aliyezoea hadithi za mapenzi anabaki na maswali mengi. Bustani ya tajiri Aziz je? Na Amina, mke wa tajiri aliyechukuliwa kufidia deni, ambaye Yusuf alikuwa akimpenda kwa siri? Amebaki nyuma ya ukuta. Mapenzi yameachwa uani, mwanamume ameingia vitani, na mwandishi amekataa kutuambia kilichofuata.

Ilimchukua Gurnah miaka 26 kuirudia safu ile. Afterlives ilitoka 2020, mwaka mmoja kabla ya yeye kupewa Tuzo ya Nobel, na ndani yake yumo Hamza: naye aliwekwa rehani na baba yake kwa mfanyabiashara, naye alitoroka akajiandikisha uaskari kwa Mjerumani. Jina si lile, lakini mbio ni zilezile. Mwaka uleule wa 1994 uliotuletea Yusuf, M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alitoa The Book of Secrets, riwaya ya familia ya mwenye duka katika mji mdogo mpakani mwa Kenya na Tanganyika wakati wa vita hivyohivyo. Nimezunguka na vitabu hivi mfukoni kwa vipande vipande vya safari, kutoka Taveta hadi karibu na Ruvuma, nikitafuta jambo moja tu: katika Vita vya Wajerumani vya 1914 hadi 1918, familia zilikuwa wapi?

Jibu la haraka ni kwamba zilikuwa nyumbani zikisubiri. Jibu hilo si la kweli, au ni nusu ya ukweli.

Pale katikati ya Dar es Salaam, kwenye makutano yenye sanamu ya Askari, mtu wa shaba amesimama tangu 1927, bunduki mbele, peke yake. Waingereza walimweka kuwakumbuka askari na wapagazi wa upande wao. Hana mtu nyuma yake. Sanamu ile imetufundisha kuwaza vita kama shughuli ya wanaume waliojipanga mstari. Safu halisi, hasa ya Wajerumani, haikuwa hivyo hata kidogo. Kampuni moja ya askari wa Kijerumani mwaka 1914 ilikuwa na askari wapatao 160, Wajerumani wasiozidi 20 na wapagazi wanaokaribia 250. Hapo bado hujahesabu mkia: wake wa askari, watoto wao, maboi waliowatumikia, mbuzi, kuku, vyungu, mikeka. Kabla ya vita askari walikaa na familia zao katika vijiji vilivyojengwa kando ya boma. Jeshi halikuwa na wapishi wa kuwapikia. Askari alipewa posho, na mke ndiye aliyeifanya ikawa chakula. Agosti 1914 bunduki zilipoondoka bomani, jiko nalo likaondoka.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, aliandika kumbukumbu zake mwaka 1920, na hata yeye, mtu asiyependa kuzungumza habari za jikoni, hakuweza kuwaruka wale wanawake. Walikuwepo. Walitembea. Walijifungua njiani na kesho yake wakaendelea.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba riwaya ya familia vitani, yenye mapenzi na dhiki na vizazi viwili vitatu, ni mtindo wa Ulaya tulioazima. Kule mwanamume aliondoka na treni, mke akabaki, na hadithi ikakaa katikati yao ikimsubiri mtu wa posta. Huku familia iliingia vitani kwa miguu yake. Aliyebaki nyumbani naye hakusalimika, maana vita vilimfuata ghalani.

Tanga sitakaa sana. Kila anayeandika habari za vita hivi huanzia hapo, na kila anayeanzia hapo hukimbilia nyuki. Ni kweli kwamba Novemba 1914 Waingereza walishusha karibu askari 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na kikosi kisichozidi kama 1,000, na ni kweli nyuki waliwashambulia watu katika purukushani ile. Nimetembea Ras Kazone hadi mjini. Ni mwendo mfupi, kivuli kingi, upepo wa bahari. Lakini kwa riwaya ya familia Tanga haina mengi ya kutupa. Vita vilikuwa vya siku chache, na walioshinda walirudi kulala kwao. Dhiki haikuwa imeanza.

Ilianza mpakani. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa kwanza wa vita, wakakaa juu ya kilima cha Salaita, na kwa mwaka mmoja na nusu nchi yote kati ya Voi na Kilimanjaro ikawa ya mtego. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupita Maktau kuelekea huko. Februari 1916 Waafrika Kusini walijaribu kukichukua Salaita wakarudishwa nyuma. Leo gari linapita barabara ya lami, Kilimanjaro mbele yako kama mawingu yakikuruhusu, na kilima cha Salaita chenye historia nzito ni kichuguu tu kandokando ya njia. Ukiwa na haraka utakipita hujakiona.

Vassanji hakuweka hadithi yake Taveta yenyewe. Aliunda mji wake, Kikono, akauweka katika nchi hiyohiyo. Humo yupo Pipa, mwenye duka, mtu mnene wa asili ya Kihindi asiye na ukoo wa kujivunia, na mkewe Mariamu. Vita vinapofika, Pipa anaona kitu ambacho wenye maduka wa mpakani wote walikiona: kwamba pande zote mbili zinamtaka. Waingereza wanamtumia kupeleka habari. Wajerumani nao wanamtaka awapelekee habari. Hana bendera, ana mizani, mafuta ya taa, na mke. Naye Mariamu anauawa wakati wa vita, na Pipa anabaki na mtoto mweupe kuliko alivyotarajia, na shajara ya ofisa wa Kiingereza ambayo Mariamu aliiiba.

Hapo ndipo riwaya inaponishika. Pipa anaamini kwamba ndani ya shajara ile limo jibu la swali linalomla: mtoto ni wa nani? Lakini hajui kusoma Kiingereza. Anaificha, anaitunza, anafika kuiheshimu kama kitu kitakatifu, na haisomi. Inapatikana mwaka 1988 nyuma ya duka Dar es Salaam, mikononi mwa mwalimu mstaafu. Ukoo mzima umeishi juu ya maandishi ambayo mwenyewe hakuweza kuyafungua. Vita vimepita, reli imebaki, watawala wamebadilika, na mtu mmoja bado anamwonea wivu marehemu mkewe kwa ajili ya kitabu.

Taveta kuna makaburi ya vita, yamepangwa, nyasi zimekatwa. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri Aprili 2021 kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa wakiitumikia Uingereza hawakuandikwa majina yao popote, na ikaomba radhi. Nilisoma habari ile nikakumbuka Pipa. Yeye angalau alikuwa na kitabu asichoweza kukisoma. Jamaa wa mpagazi hawakuwa na hata kitabu.

Sasa niseme hesabu moja, maana bila hiyo mtu haelewi kwa nini vita hivi viliua zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Chakula chake kwa siku, akipewa kamili, ni karibu kilo moja ya unga. Mpe abebe unga peke yake, mwambie atembee mbele tu, na siku ya 25 mzigo umekwisha, amekula yeye mwenyewe, askari hajapata hata kibaba. Mwambie aende na kurudi, basi hawezi kuvuka siku 12. Kwa hiyo kila umbali ulioongezeka ulihitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi wanaowalisha wapagazi. Ng'ombe na farasi wasingeweza kusaidia, mbung'o waliwamaliza. Mvua za mwanzo wa 1917 ziliufurisha Rufiji, barabara zikawa tope, malori yakakwama. Kilichobaki ni vichwa na mabega ya watu.

Waingereza peke yao waliandikisha karibu watu milioni moja katika kazi hiyo, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Zanzibar na katika nchi waliyokuwa wakiiteka. Waliokufa, makadirio yanayotajwa zaidi yanakaribia 100,000, na wapo wanaoona hesabu hiyo ni ndogo. Wengi waliuawa na unga. Mtu aliyekulia kwenye ndizi alipewa mahindi yaliyosagwa ovyo, hana muda wa kuyapika yakaiva, hana kuni kavu, maji yenyewe ya matope. Tumbo likakataa. Waliandikwa kwa haraka, majina yakakosewa, vijiji vikakosewa, na mishahara yao ilipokosa mwenyewe, wafiwa hawakuipata.

Na ghala? Majeshi yote mawili yalikula nchi. Ugogo yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume. Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, kama 30,000 walikufa. Mmoja katika kila watano. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyehitaji kutia chumvi hapo. Juu ya hayo, mwishoni mwa 1918, ikaja homa ya mafua ya dunia nzima na kuwakuta watu wasio na nguvu ya kuamka.

Nilikwenda Mahiwa mwezi wa Oktoba kwa makusudi. Basi la kutoka Lindi linapita Mnazi Mmoja, linapita Mtama, linafika Nyangao, na joto lote linakaa ndani pamoja nanyi. Konda aliniuliza nashuka wapi. Nikamwambia Mahiwa. "Unakwenda kwa nani?" Nikamjibu sina mwenyeji, nakwenda kutazama mahali. Akamgeukia abiria wa nyuma yangu akasema, "Huyu anatafuta shamba." Watu wakacheka, nami nikaliacha hivyo, maana ni rahisi kumweleza mtu kwamba unatafuta shamba kuliko kumweleza kwamba unatafuta vita vilivyokwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mikorosho pande zote mbili. Chini yake watu wameinama wanaokota, msimu ndio umeanza, na mabibo yaliyotupwa yananukia utamu uliochacha mpaka barabarani.

Hapo, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, palipiganwa vita vikali kuliko vyote vya Afrika Mashariki. Upande wa Waingereza walikuwemo askari wa Nigeria, keya (askari wa King's African Rifles), na Wahindi. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea kwa upande huo walizidi 2,000. Lettow-Vorbeck alipoteza wachache zaidi, lakini kwake kila mtu aliyepotea aliacha pengo lisilozibika, na risasi zilikuwa zinamwishia. Alishinda, kisha akaondoka kwa kuwa hakuweza kushinda tena namna ile.

Katika waliojeruhiwa Mahiwa alikuwemo mtoto wa miaka 13. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari wa asili ya Sudan, na mtoto aliingia jeshini pamoja na baba, akifundishwa kazi ya kupeleka ishara. Baba na mwana katika jeshi moja: ndiyo ile familia inayotembea. Waingereza walimteka. Tutakutana naye tena, mbali sana na mikorosho.

Hamza wa Gurnah naye anajeruhiwa katika miezi hii ya mwisho, lakini si na adui. Anapigwa upanga nyongani na sajini wa Kijerumani wa jeshi lake mwenyewe, mtu aliyejaa chuki kwa sababu ofisa mkubwa alimpenda kijana huyu akamfundisha Kijerumani. Anabebwa hadi misheni, wanamtibu mchungaji na mkewe, anapona akichechemea. Nilipokuwa nimesimama kando ya barabara ile ya Mahiwa niliona kwa nini Gurnah alifanya hivyo. Mapigano makubwa yana tabia ya kuwafanya watu wote waonekane mashujaa. Yeye alitaka tuone kidonda kilichotoka ndani ya safu.

Hamza anarudi pwani, mji usiotajwa jina, hana kitu. Anapata kazi katika karakana ya mfanyabiashara, chini ya fundi seremala mzee, na chumba kidogo cha stoo katika nyumba ya Khalifa na Bi Asha. Ndani ya nyumba hiyo yupo Afiya. Na hapa naomba kusimama kidogo, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo riwaya imenifunza zaidi.

Afiya alilelewa na jamaa waliomtumikisha. Kaka yake Ilyas, aliyekwisha kusomeshwa na Wajerumani, alikuja kumchukua, akakaa naye mwaka mmoja hivi, akamfundisha kusoma na kuandika. Kisha Ilyas akajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake, na mtoto akarudishwa kulekule. Yule aliyemwita mjomba akagundua kwamba binti anajua kuandika. Binti anayejua kuandika, kwa akili yake, atawaandikia wanaume. Akamvunja mkono. Afiya alikuwa mtoto. Alichofanya mtoto huyu ni kuandika kikaratasi, maneno machache tu ya kuomba msaada, kikapita mikononi mwa watu mpaka kwa Khalifa mjini, na Khalifa akaja kumchukua siku iliyofuata.

Soma hayo pamoja na Pipa. Katika riwaya moja, maandishi yanawekwa kama hirizi na hayafunguki. Katika nyingine, maandishi ni sababu ya kuvunjwa mkono, na maandishi hayohayo ndiyo yanayookoa. Miaka kadhaa baadaye Hamza anamtafsiria Afiya beti za Schiller kutoka Kijerumani kwenda Kiswahili, anaziandika kwenye karatasi, anampa. Lugha aliyojifunza kwa mateso kambini imegeuka barua ya mapenzi uani. Waandishi wengi wangekuza tukio hilo mpaka likapasuka. Gurnah analipitisha kwa utulivu, mlango wa stoo, sahani ya chakula, Bi Asha akinung'unika ndani.

Ninayo lawama moja. Baada ya harusi na kuzaliwa kwa mtoto, riwaya inaanza kukimbia. Miongo inapita kwa kurasa chache, kifo cha huyu, ndoa ya yule, vita vya pili, uhuru. Ningemsikiliza Gurnah kurasa mia zaidi bila kuchoka. Na lawama ya pili ni nzito kuliko hiyo: wanawake wa safu. Anawataja, anawaonyesha nyuma pamoja na watoto na wapagazi, lakini wanabaki umati. Hatumjui hata mmoja kwa jina kama tunavyomjua Afiya. Mke wa ombasha aliyetoka Tabora akiwa na miaka 18, akapita Iringa, akapita Mahenge, akazika mtoto mahali fulani kabla ya Ruvuma, hana sura yake katika kitabu hiki wala katika kingine ninachokijua.

Mwezi mmoja baada ya Mahiwa, Lettow-Vorbeck aliipunguza safu. Akaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, Wajerumani na Waafrika, akavuka Ruvuma karibu na Negomano tarehe 25 Novemba 1917 akiwa na askari wasiozidi 2,000 na wapagazi wao. Fikiria siku ile ya kupanga nani avuke na nani abaki. Askari anatakiwa, mke wake je? Baadhi walibaki wakachukuliwa na Waingereza. Baadhi walivuka, wakazunguka Msumbiji mwaka mzima, wakarudi kupitia Songea, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini. Habari ya kwamba vita vimekwisha Ulaya ilimfikia Lettow-Vorbeck siku mbili baadaye, na tarehe 25 Novemba 1918, mwaka kamili tangu avuke Ruvuma, akaweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari 1,168. Nyuma yao walikuwa wapagazi na wanawake kwa mamia.

Wajerumani walirudishwa kwao, na Berlin ikawapokea kwa shangwe mwaka 1919. Askari na familia walipelekwa kupitia Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha kwa treni hadi kambi ya Tabora. Homa ya mafua ilikuwa imekwishatangulia.

Yule mtoto wa Mahiwa aliishi. Mwaka 1929 alifika Berlin, na moja ya mambo yaliyompeleka ni mshahara wa vita, wake na wa baba yake, uliokuwa haujalipwa. Hawakumlipa. Akabaki, akajiita Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu katika ukumbi wa starehe, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaonekana katika filamu za Kijerumani, hata ile ya 1941 iliyomsifu Carl Peters. Alioa Mjerumani mwaka 1933. Chini ya utawala wa Hitler mtu mweusi hakuwa na ulinzi wowote wa kudumu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na humo akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Anayetaka kusoma Afterlives bila kuambiwa mwisho aruke aya hii. Ilyas, kaka yake Afiya, ambaye dada na shemeji wanamsubiri maisha yao yote, naye alikuwa ameishia Ujerumani, akiimba, akiandamana na wanaotaka makoloni yarudi, mpaka naye akafia Sachsenhausen. Anayegundua ni mpwa wake aliyepewa jina lake, miaka ya sitini, katika nyaraka. Wapo wasomaji walioona jambo hilo halielekei. Hao hawajasikia habari za Husen. Gurnah hakuhitaji kubuni sana.

Kwa Kiswahili chenyewe riwaya za aina hii si nyingi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika kwa Kikerewe ukoo wa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akamaliza 1945, na Kiswahili chake kikatoka 1980. Ni kitabu kikubwa cha familia, lakini kinakaa kabla Mzungu hajatia mguu. Kenya ilipata Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi mwaka 1969, kuhusu vita vya Mau Mau. Zanzibar ina Adam Shafi, na vita vyake ni vya makuli na wapigania uhuru. Vita vya 1914 vimebaki kwa sehemu kubwa katika Kiingereza, vikiandikwa na watoto wa pwani waliohama.

Mtu anayetaka kuviandika kwa Kiswahili asianzie Tanga wala kwa Lettow-Vorbeck. Aanzie kwenye beni. Ngoma ile ilikuwapo pwani kabla ya vita, lakini ni askari na keya na wapagazi walioibeba bara, wakafundishana kambini hata wakiwa mateka. Baada ya 1918 vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilikuwa vinashindana kila mji wenye stesheni au bandari: sare zilizoshonwa mtaani, tarumbeta, gwaride, salamu za kijeshi, makamanda wasio na jeshi. Wanaume waliopigana pande mbili walicheza upande mmoja. Na wanawake nao walikuwamo, na vyeo vyao, wakipita barabarani pamoja na wenzao mbele ya watu wote, hatua moja, mkono mmoja, si nyuma na vyungu.